Geuka Kwanza, Ndipo Ucheke

Nakumbuka mchana mmoja vitani ambao nilicheka, mwanangu, na tangu mchana ule kicheko kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Watu wanadhani mzee aliyepigana vita anaota milio ya mizinga. Mizinga nimeisahau. Ninachokisikia mie ni kicheko changu mwenyewe.

Kaa hapo kwenye kigoda, usinisimamie mlangoni kama askari kanzu. Umekuja na sukari na majani ya chai, umetoa shikamoo mara mbili, na umesema, "Babu, nimekuja kukuomba radhi kwa yale ya makaburini." Nimekusikia, Shomari. Juzi tulimzika bibi yako Tatu hapa Pugu, na wewe ndiye uliyenishika mkono ukanitoa ndani ya kaburi lake mbele ya watu, ukaniambia, "Mzee, heshimu msiba." Wengine wakasema uzee umenipanda kichwani. Wengine wakanipiga picha kwa simu zao. Sina kinyongo na mtu. Ila kabla hujaondoka na radhi yako nisikilize, maana mkeka wangu umeshaanza kukunjwa, na nikienda mie hatabaki mtu hapa Pugu wa kukueleza nilikuwa nafanya nini mle shimoni.

Bibi yako alikuwa na kaka yake, Kondo. Humjui, na baba yako hakumjua. Kondo kwa Kizaramo cha wazee maana yake vita, na jina lile kwenu ni la kawaida tu, wala hakuna aliyefikiri kwamba mtoto atakuja kuliwa na jina lake. Nilikutana naye jeshini, sote makuruta, hata ndevu hazijatuota vizuri. Aliposikia mie Mnyamwezi wa Tabora, akaja akaangusha sanduku lake miguuni pangu. "Mpagazi wangu kafika," akasema. "Beba tuondoke, jua linakuwa kali." Wenzetu wakasogea pembeni wakidhani tutashikana mashati. Nikamtazama juu hadi chini nikamwambia, "Mzaramo na kazi wapi na wapi. Sema ukweli, unataka nikubebe na wewe mwenyewe." Akacheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo hatukuachana.

Ngoja nikueleze, maana nyie leo mtu akisema la kuchekesha basi mnasema anatania. Utani wa makabila ni jambo lingine. Babu zangu walikuja pwani na mizigo kichwani, babu zako wakawapokea, wakagombana, wakapatana, na mapatano yakabaki kwa wajukuu kama ruhusa ya kutukanana. Mie nikikuita mtumwa wangu, unacheka. Wewe ukichukua kuku wangu, nacheka. Mtani hakasirikiwi, hashtakiwi, wala haombi radhi. Lakini utani una kazi yake nzito, na kazi hiyo ni msibani. Wenye nyumba wanalia, mtani anachekesha. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kwa mwendo wake, anasema kwa sauti yake. Anaweza hata kushuka kaburini akajilaza kwenye mwanandani, pale panapolazwa maiti, akagoma kutoka mpaka wenye msiba wamtukane na kumpa kitu. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka, na kile kilio kilichokuwa kimewakaba kinapata pa kutokea. Ndivyo wazee wetu walivyozikana.

Sasa Kondo alikuwa na mchezo wake. Tukiwa mazoezini, tunatambaa kwenye mchanga, akichoka anajilaza chali na kuita kwa sauti ya kuburuza, "Mtani, nimekufa. Njoo unizike." Nami jawabu langu ni lile lile, "Kufa upesi nikurithi." Afande alituadhibu kwa hilo, tukakimbizwa na mifuko ya mchanga mgongoni, na bado Kondo njiani anaita kwamba amekufa. Kikosi kizima kiliujua ule wimbo wetu. Hata Wahaya na Wamakonde, ambao utani wetu haukuwahusu, walikuwa wakimwitikia kwa niaba yangu.

Kisha ikaja vita ya Uganda. Mwanangu, sehemu kubwa ya vita ni kutembea. Tulitembea kwenye matope mpaka ngozi ya nyayo ikabanduka, mzigo mgongoni, mvua juu ya mzigo. Nilimwambia Kondo kwamba babu zangu wapagazi walistarehe, wao angalau walilipwa nguo na shanga. Buti yangu ya kulia ilipasuka, kidole gumba kikawa kinachungulia nje, nikaifunga kwa kamba ya mgomba. Kondo akatangaza kwa kikosi kizima kuwa Mnyamwezi hajazoea viatu, kidole chake kinatafuta njia ya kurudi Tabora. Tulicheka. Tulikuwa na njaa, tuna chawa, tumeshawafukia wenzetu, na tulicheka. Bila utani sijui tungevukaje mpaka ule na akili zetu.

Mchana wenyewe ulikuwa hivi. Tulikuwa tunapita kwenye shamba la migomba, mstari mmoja, tumeachiana nafasi, Kondo nyuma yangu. Mbele kulikuwa na nyumba, mlango wazi, wenyewe wamekimbia, kuku wanachakura uani. Mie nilikuwa nawatazama wale kuku kwa tamaa. Kombora likaanguka upande wa kushoto, mbali kidogo, kisha likaja lingine karibu. Tukalala. Udongo na vipande vya migomba vikatumwagikia. Halafu kimya. Nikajipapasa, nikajiona mzima, na amri ikatoka tuinuke twende mbele haraka.

Hapo ndipo niliposikia nyuma yangu ile sauti ya kuburuza. "Mtani, nimekufa. Njoo unizike."

Nikacheka. Nilicheka kwa raha kabisa, maana nilijiambia, akiweza kutania basi yu mzima. Sikugeuza hata shingo. Nikamjibu huku natembea, "Kufa upesi nirithi buti." Waliokuwa karibu wakacheka nao. Nadhani aliita tena. Nasema nadhani, kwa sababu miaka yote hii nimekuwa nikiitafuta ile sauti ya pili masikioni mwangu, nisijue kama niliisikia kweli au nimeitunga mwenyewe.

Tulipofika kwenye ile nyumba watu wakahesabiwa, Kondo hayupo. Nikarudi mbio. Nilimkuta ameketi, ameegemea mgomba, mikono miwili imeshika paja, na pale alipoketi udongo umekuwa mwekundu. Kipande cha chuma kilikuwa kimemkata mshipa. Macho yalikuwa wazi, yanatazama upande ule tulioelekea sisi. Tabibu wa kikosi akafika nyuma yangu, akainama, akamgusa shingoni, akasema taratibu kama mtu anayejisemea, "Huyu angefungwa mapema angepona." Hakujua anamwambia nani.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Nimeyatafakari maneno yale mpaka yamechakaa. Sijui mpaka leo kama Kondo alikuwa anatania au la. Labda aliona damu, akaogopa, akafungua kinywa kuniita, na kinywani hakukuwa na maneno mengine ya kuniita isipokuwa yale. Tulikuwa hatujawahi kuitana kwa kitu kingine. Hilo ndilo linalonimaliza, Shomari. Tulipendana kwa lugha isiyo na neno la shida.

Tulimzika palepale migombani, haraka, bila sanda. Kamanda akautazama mguu wangu, akaniamuru nivae buti za marehemu. Kufa kufaana, walisema wazee, na mie nilifaana na kifo cha mtani wangu mpaka unyayoni. Zilinikaa sawasawa. Nikaingia nazo Kampala, watu wamejipanga barabarani wanashangilia, wanatupa maua, na mie natazama chini tu.

Vita ilipokwisha sikupitiliza kwetu. Nilishuka Dar, nikaulizia njia ya Pugu, nikafika kwa babu yake baba yako, Mzee Pazi, baba yake Kondo. Taarifa ya kifo walishaipata. Mie nilikwenda kumweleza ile habari nyingine. Nilimweleza yote, hata buti nikamwonyesha. Nilitaka anipige, mwanangu. Nilitaka anikamate koo, anifukuze, aniombee laana, ili angalau kitu kiwe kimelipwa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Alipokuita, ulimjibu nini?" Nikamwambia. Akacheka kicheko kifupi kikavu. "Ndivyo mtani anavyojibiwa," akasema. "Huna kesi. Utani hauna kesi."

Maneno yale yalinifungia mlango. Mtu aliyekosa humtafuta wa kumsamehe. Mie desturi ilikuwa imenisamehe kabla sijakosa, sasa ningetubu kwa nani?

Matanga walikuwa hawajayavunja, walimsubiri yule mtani wa Kondo arudi kutoka vitani. Wageni walipokusanyika, Mzee Pazi akatoka ndani na kanzu ya Kondo imekunjwa mikononi. Akaniambia mbele ya watu, "Maiti hatuna, kaburi hatuna, tumebakiwa na mtani. Vaa hii, utembee kama yeye. Mama yake amwone mara moja, amuage." Na Kondo alikuwa na mwendo wake, bega la kushoto chini, kwa kuwa tangu utotoni alibeba magunia ya mkaa kutoka milima hii ya Pugu kwenda kuuza. Mie niliuweza mwendo ule vizuri mno. Jeshini nilikuwa nikimwigiza mpaka afande anageuka kuficha meno.

Nikavaa kanzu. Mama yake akatoka jikoni akasimama kizingitini, mkono mdomoni, na machoni tayari kicheko kimeanza kuja. Nikashusha bega, nikapiga hatua moja, nikaanguka chini nikalia. Nililia kama mtoto mchanga, sikuweza kunyamaza, na nyumba nzima ikaripuka kwa kilio upya.

Mzee Pazi akaniinua kwa kwapa. Hakupaza sauti. "Mtani," akasema, "machozi tunayo, yanatutosha. Tulikuita ulete kicheko. Kule mwanangu alipotaka kilio ukampa kicheko, na hapa tulipotaka kicheko umetupa kilio. Kila kitu chako kinafika mahali pasipo pake." Mama yake akanivua ile kanzu mwenyewe, akaikunja polepole. "Basi," akasema. "Haidhuru. Sitamwona." Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alikufa bado akiniuliza, kila akikutana nami njiani, kama Kondo alikuwa amekula siku ile. Hatukuwa tumekula. Mie nilikuwa nikimwambia tulikula.

Sikurudi Tabora. Nilipata kazi ya ulinzi wa ghala, nikaoa, nikajenga hiki kibanda unachokiona, na tangu siku ile sikumtania mtu tena. Marehemu mke wangu alikuwa akisema ameolewa na mlango uliofungwa. Mzaramo akinitukana barabarani, mie nampa salamu na kupita. Wazee wenu wakaanza kusema huyu Mnyamwezi ana majivuno. Kisha wakaanza kufa mmoja mmoja, wakaacha kusema.

Juzijuzi nilikwenda kumtazama bibi yako kule hospitali ya Mwananyamala. Amekonda, amebaki macho. Aliponiona akasema, "Mpagazi wetu kafika." Hakuna aliyeniita hivyo kwa miaka. Akaniambia, "Ile kanzu ya kaka ninayo. Iko chini kabisa ya sanduku, nimeitia karafuu. Nikifa, vaa. Mama hakuona, baba hakuona, na mie nitakuwa siwezi kuona, lakini vaa. Wa mwisho wetu ni mie." Nikamwambia nitavaa. Akasema, "Na usilie kama ile siku." Nikamwambia sitalia.

Basi ndiyo ile kanzu uliyoniona nayo, ya rangi ya chai, imetobolewa na mende. Niliivaa, nikatangulia mbele ya jeneza, nikashusha bega la kushoto. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mwendo wa Kondo umenitoka. Niliutafuta miguuni sikuuona. Magoti haya ya kizee yalinipeleka yanavyotaka yenyewe, na aliyekuwa anatembea pale mbele yenu alikuwa mie tu, mzee anayechechemea ndani ya kanzu ya mtu. Nikatazama nyuso zenu zote. Hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumwona Kondo akitembea. Hata ningepatia, nani angenijua nimepatia? Wa mwisho aliyeweza kunisahihisha alikuwa ndani ya jeneza.

Nikafanya lililobaki. Nikashuka kaburini, nikajilaza kwenye mwanandani, udongo baridi ukaniingia mgongoni. Nikaita kwa ile sauti ya kuburuza, "Mtani, nimekufa. Njoo unizike." Zamani wazee wa Kizaramo wangenirushia matusi ya kila aina na vicheko vingesikika hadi barabarani. Nilisubiri. Juu niliona vichwa na simu. Kijana mmoja akasema, "Braza, mtoeni huyo mshua, anazingua." Na hapo, mwanangu, kabla sijapanga lolote, nikajisikia naita tena.

Ndipo nikajua. Mtu aliyelala chini akiita na asijibiwe, haishii mara moja. Kondo aliita mara ya pili. Miaka yote hii nilikuwa nimejiachia mlango mdogo wa kusema labda hakuita, na mlango ule nimeufunga kwa mkono wangu, nikiwa nimelala kaburini mwa dada yake.

Halafu ukashuka wewe. Umekasirika, umeniona mwendawazimu, umeichafua kanzu yako nyeupe kwa udongo mwekundu, ukanishika mkono kwa nguvu mpaka leo kifundo kinauma. Unaniomba radhi ya nini? Hukujua mie ni nani kwenu, na bado ulikuja. Mie nilimpenda Kondo kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na sikugeuka.

Basi nasaha yangu ni hii, na sina nyingine. Utani usiuache, mwanangu. Mie niliuacha kwa hofu nikawanyima wazee wako haki yao, na sasa umekufa mikononi mwetu sote. Cheka na watu wako, watukane wakutukane. Lakini mtu akikuita, hata kama ameita kwa mzaha, hata kama ni mzaha ule ule wa kila siku na jawabu lake unalijua kwa moyo, geuza shingo kwanza umtazame. Ukimwona mzima, cheka hata mpaka ukae chini. Shingo kugeuka hakugharimu kitu. Kutogeuka kumenigharimu umri wote, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini mie nimeanza kuijua nikiwa hai. Na ukiwa na mtu unayempenda, muwe na neno moja ambalo halichezewi. Moja tu. Sisi hatukuwa nalo.

Kanzu hii ichukue, ni ya nyumba yenu. Nikifa mie, usitafute mtani wa kunichekesha, hayupo. Njoo tu kama ulivyokuja juzi.

Mwenyezi Mungu akupe masikio yanayotangulia kinywa. Akulinde na vita, ya bunduki na ya majuto, maana ya pili haina mapatano. Na siku yako ya kuita itakapofika, ikiwa mbali, Inshallah, mbali sana, asikose mtu mmoja nyuma au mbele yako wa kugeuka. Amina, mwanangu. Nenda salama.